Jina la Mwenye Nyumba

Bukavu, Jumamosi tarehe 5 Oktoba

Nsimire mwanangu,

Umeenda Nguba kuwaaga rafiki zako, na mimi nimekaa kwenye meza yako ya kusomea, mlango wazi ili nipate mwanga. Kabla sijashika kalamu nimeapa kwamba leo sitakuficha kitu, hata yale yanayonipunguzia heshima mbele yako. Nikimaliza nitaiweka barua hii ndani ya sanduku lako, chini ya kitenge kipya, uikute ukiwa umekwisha kufika Lubumbashi. Usikasirike kwamba sikukuambia kwa mdomo. Sababu utaiona mbele.

Namna ya kuishi kwa watu sitakuandikia. Kuamka mapema, kusali, kutoazima sufuria bila kuirudisha safi: kama sikukufundisha hayo katika miaka kumi na minane, barua haitaweza. Ninataka kukuambia habari za nyumba hii, na namna nilivyoikalia bila kuijua.

Unajua kwamba shuleni kwetu jioni wananiita Doyenne, kwa sababu mimi ni mkubwa kuliko wote, hata kuliko prof wetu wa somo la kodi. Mwezi uliopita huyo prof aliingia na mashine yake, akatuangazia ukutani ukurasa mpya wa serikali. Akasema, "Mtu yeyote mwenye nyumba ya kupangisha anaingia humu, anajaza tamko lake yeye mwenyewe, anapata karatasi ya kwenda kulipia. Kodi utalipa, sikudanganyi. Lakini kujaza ni bure. Anayekuomba pesa ili akujazie, anakuuzia mlango wa nyumba yako."

Akatuambia kila mmoja afungue simu yake na kujaribu kwa nyumba ya kwao, bila kutuma. Nilifurahi kama mtoto. Unajua ninavyopenda zoezi. Nikajaza avenue yetu ya Kadutu. Nikajaza chumba kimoja cha kupangisha, kile cha fundi wa nguo. Nikafika mstari unaouliza jina la mwenye nyumba, na hapo kidole kikasimama.

Chini yake paliandikwa: umeipata namna gani? Umenunua, umejenga, umerithi, au unaisimamia kwa niaba ya mwingine.

Yule kijana Aganze anayekaa nyuma yangu akachungulia. "Doyenne amekwama. Maman, andika tu État, serikali yenyewe. Bakijikuta beko benyewe ba nyumba, batajisamehe kodi."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Prof akaja mpaka kwenye benchi langu.

"Maman, ni nini?"

"Prof, nyumba ni ya marehemu bwana yangu."

"Marehemu hajazi tamko. Aliacha watoto?"

"Mumoja. Binti."

"Ana miaka ngapi?"

"Ametimiza kumi na nane."

"Basi jina ni lake," akasema, kama mtu anayesahihisha hesabu ndogo. "Sheria inaanza na watoto, msichana sawa na mvulana. Wewe unayo haki ya kukaa humo, hakuna wa kukutoa. Lakini mrithi ni yeye. Na hauwezi kumwandika mtu mzima bila yeye kujua. Ukituma, atapata ujumbe kwenye simu yake, ni lazima akubali mwenyewe."

Nikafunga simu, nikamsikiliza mpaka mwisho wa saa. Lakini sikuandika kitu tena. Miaka yote nimefagia nyumba hii, nimepaka chokaa, nimeweka mawe nyuma ili mvua isiuchukue ukuta, na ilibidi nikae mbele ya watoto wa watu ndipo nijue kwamba ni yako wewe.

Sasa nikueleze kwa nini sikujua. Si kwamba nilidanganywa. Nilitaka nisijue.

Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, baba yako hajamaliza mwaka mmoja kaburini. Wakati ule watu wa kodi walikuwa wakipanda mlima mara kwa mara, na wamama wa avenue yetu walikuwa na ujanja wao. Wa kwanza kuwaona chini kwenye ngazi alipiga kelele: "Mayi imekuya!" Nani atashuku mtu anayetangaza maji Kadutu? Wengine wote tulifunga milango, tukakaa kimya ndani na watoto mapajani, mpaka viatu vipite. Tuliona ni akili nyingi. Halafu siku moja maji yakaja kweli. Baada ya majuma mawili ya kushuka mpaka mtoni, bomba la kona likaanza kutoa, na Maman Furaha, mwanamke mwema, akapiga kelele kwa furaha yote ya moyo wake: "Mayi imekuya!" Avenue nzima ikafunga milango. Nakumbuka wewe ulitaka kutoka, mimi nikakubana mdomo. Tulikaa gizani tukisikia maji yakimwagika barabarani, na Maman Furaha akizunguka peke yake na bidoni zake za kuchotea, akigonga mlango mmoja mmoja: "Lakini ni mayi, ni mayi ya kweli, mumekufa wote?"

Tulicheka habari hiyo miaka mingi. Mimi bado nacheka. Lakini namna ile ya kujificha niliizoea hadi ikawa ndiyo maisha yangu. Niliamini kwamba mjane mwenye akili ni yule ambaye serikali haijui yupo.

Kwa hiyo baba yako mkubwa Bisimwa alipokuja kuniambia, "Weye ukae tu na mutoto. Mambo ya bureau ya kodi ni kupanga mustari na kutukanwa. Nitaandika jina yangu, nitalipa kwa pesa ya ule mupangaji," nilimshukuru kwa magoti. Nilimpelekea kuku na maharage. Na nakuomba uelewe vizuri: hakuiba kitu. Kila mwaka alikwenda, alipanga mstari, alitukanwa, alilipa. Ada ya shule yako ya msingi nusu aliitoa yeye. Mimi nilikuwa nafurahi kwamba kuna mtu anayesimama mlangoni badala yangu. Sikujiuliza mtu akisimama mlangoni muda mrefu hivyo, wapita njia watasema nyumba ni ya nani.

Jibu nililipata mwezi wa nane, siku ile ulipokwenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Baba yako mkubwa alikuja na mwanaume mmoja aliyevaa viatu vya mji, wakazunguka uwanja wetu. Yule mtu alikuwa anapima kwa utepe. Nikawaletea viti. Nikauliza, kwa upole, wanapima nini.

"Huyu papa anatafuta kiwanja karibu na soko," akasema baba yako mkubwa. "Mutoto wako anaenda kusoma mbali. Weye peke yako utafanya nini na vyumba vitatu? Tutakupangishia chumba kizuri karibu na masomo yako, na pesa ya Nsimire tutaweka pembeni kidogo, ya kumusaidia."

"Papa, lakini hii ni nyumba ya mudogo wako."

"Ni ya muzee wetu, aliyemupa mudogo wangu kiwanja. Na kwa État iko kwa jina gani? Uulize chef d'avenue. Miaka yote, nani amelipa?"

Sikuwa na la kusema. Alichosema kilikuwa kweli. Prof alinieleza baadaye kwamba kulipa kodi hakumpi mtu nyumba, kwamba ile ni kodi tu. Lakini chef d'avenue, mkuu wa mtaa wetu, hakusoma kwa prof wetu. Yeye anajua jina analoliona kila mwaka.

Mwanangu, si mara ya kwanza mimi kukosa la kusema. Babu yako alipokufa kijijini Mumosho, kaka zangu walikaa kugawa mashamba yake juu ya Ruzizi. Lilikuwepo moja la avoka, maparachichi, kando ya njia ya kushukia mtoni, ambalo nilikuwa nalipalilia mimi tangu nikiwa msichana wa shule. Kila mti niliujua. Kaka mkubwa aliniita kwa heshima, akaniuliza mbele ya wote: "Na weye, dada yetu, uko na bwana wako Bukavu. Unasema nini?" Waliuliza, Nsimire. Hawakuninyang'anya. Na mimi nikatazama chini, nikasema, "Sina neno." Wote wakanisifu kwamba nimelelewa vizuri. Shangazi yangu akaniambia nimemfurahisha marehemu. Nilirudi Bukavu nikiwa na kikapu cha avoka za mwisho, nikazigawa njiani kwa watu, kwa sababu sikutaka kuziona.

Ni vilevile nilivyoacha shule nilipokuwa na mimba yako. Hakuna aliyenifukuza. Sista mkuu aliniuliza ninataka nini, na mimi nikajibu kwamba ni vile wazazi watakavyoamua. Wazazi wakasema ni vile Sista atakavyoamua. Nikakaa nyumbani. Nimerudi darasani nikiwa na mtoto mwenye diploma, na ninashukuru, lakini katikati imepita miaka ambayo hakuna mtu aliyenikataza kitu isipokuwa mdomo wangu.

Nimekuambia haya si ili uhuzunike. Nimeyaandika kwa sababu najua sauti yako. Wewe ni binti yangu, ukiulizwa kitu na mtu unayempenda, unatazama uso wake kwanza, ndipo unatoa jibu ambalo unaona litampendeza. Nimekuona ukifanya hivyo kwa padri, kwa baba yako mkubwa, kwa rafiki zako, na zaidi kwangu. Ulipotaka kusoma jiolojia uliniambia kwa kuzunguka, majuma mengi, ukisifu mambo ya uuguzi ili nisifikiri umekataa. Mimi nilijua tangu siku mliyopelekwa na shule kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro, ukarudi umesahau kula, unaniambia habari za mashine inayosikia ardhi ikitetemeka kabla ya mtu kuisikia. Uso wako siku ile haukuwa unatafuta uso wangu. Ndiyo sababu niliuza cherehani yangu, upate ada ya kule.

Kwa hiyo swali nililo nalo sikutaka kukuuliza tukiwa tumekaa mezani. Ungenitazama machoni.

Sikiliza sasa nilichofanya. Sikutaka kujaza ule ukurasa kwa siri, kama mtu anayeiba usiku kile kilicho chake. Jumapili iliyopita, baada ya misa ya pili, nilikwenda kwa baba yako mkubwa. Alikuwa amekaa nje na mama yako mkubwa, wanachambua sombe, majani ya muhogo. Nikachukua fungu moja nikachambua na wao, nikaanza.

"Papa, mwaka huu nataka nyumba iandikwe kwa jina la mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Nsimire."

Aliweka sombe chini. "Unanipeleka kwa État?"

"Sikupeleki fasi yoyote. Nimekuja kukuambia mbele, ili usisikie kwa watu. Umetubeba miaka yote hii. Ninaomba upumuzike."

"Kupumuzika." Akamgeukia mke wake. "Unasikia vile masomo ya mangaribi inafundisha bamama? Nimepumuzishwa kazi."

Mama yako mkubwa hakuinua kichwa. "Kila mwaka unalalamika ule mustari. Miguu inavimba, unaniomba mayi ya moto. Leo banakutoa mu mustari, unakasirika tena."

"Nyamaza kidogo, maman." Lakini alikuwa karibu kucheka, nilimwona. Kisha akawa mtu mzima tena. "Mutoto mwanamuke ataolewa. Ataolewa kule Lubumbashi. Nyumba ya muzee wetu itaanza kusema Kibemba?"

"Nyumba haisemi, papa. Na akiolewa, atabaki mutoto wa mudogo wako."

Aliokota sombe yake, akaendelea kuchambua. Nilisikia tu majani ya sombe yakikatika. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa najiambia ndani ya moyo: usiseme sina neno, usiseme sina neno. Sikusema.

"Weye unasema," akaniambia mwishoni. "Yeye sijamusikia. Nimemubeba ule mutoto mugongoni siku ya kuzika baba yake, sijamusikia aniombe hii nyumba hata siku moja. Mumoja hawezi kudai kitu ya mwingine. Aniambie yeye mwenyewe, kwa mudomo wake, kabla kodi haijafungwa. Akisema ndiyo, nitaenda mimi kwa chef d'avenue na kumwambia jina imebadilika. Akinyamaza, nitauzisha, na musiniite mwizi."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimemkasirikia, na kabla ya kufika kwenye ngazi hasira ilikuwa imekwisha, kwa sababu amesema sawasawa na prof. Ukurasa wa serikali na baba yako mkubwa wanaomba kitu kilekile: wewe. Hawataki neno langu badala ya lako, na kwa mara ya kwanza naona ni haki.

Nitakuwekea wazi pande zote mbili, kwa sababu nimeapa.

Ukikubali, tamko nitalijaza mimi kwa simu yangu, hautahitaji kulipa mtu wala kusafiri. Ujumbe utafika kwenye simu yako, utakubali, utampigia baba yako mkubwa umwambie wewe mwenyewe, na basi. Lakini tangu siku hiyo kila mwaka serikali itakuuliza wewe, si mimi. Mahali ulipo, katikati ya mitihani, itabidi ukumbuke paa la Kadutu. Mlima wetu unaujua kuliko mimi. Wewe ndiye ulinionyesha ufa nyuma ya choo na kuniambia ardhi inashuka pole pole. Mvua kubwa moja inaweza kukuachia kodi ya mwisho na mawe. Na baba yako mkubwa atatimiza neno lake, hilo ninaamini, ila sijui kama atakaa mezani petu Noeli hii.

Ukikataa, sitaona aibu na sitalia mahali utakapojua. Nyumba itauzwa, sehemu itakusaidia masomo, na mimi nitapanga chumba karibu na shule. Nimekwisha kukiangalia kimoja, kina dirisha upande wa ziwa. Nitamaliza mwaka wangu, nitafanya Examen d'État, ule mtihani wa kumaliza sekondari, nitatafuta kazi ya kuandika hesabu katika duka. Mtu anaweza kuishi vizuri mahali ambapo si pake. Mimi nimeishi hivyo na nimekulea.

Nakuomba tu usifikirie mambo mawili. Usifikirie kuta ambazo baba yako alijenga. Aliyejenga amelala, hatakuuliza. Wala usinifikirie mimi kama mzee wa kuhifadhiwa. Nina miaka thelathini na saba, niko darasani, na juzi nilikuwa wa kwanza katika zoezi la kodi, na Aganze akadai nilipendelewa kwa sababu ya uzee.

Nilipokuwa naandika hapa, fundi wa nguo amepita mlangoni akaniuliza kama nakuandikia orodha ya vitu vya kubeba. Nikamwambia hapana, nakuandikia kazi ya nyumbani. Akasema maskini mutoto, hata likizo hapewi.

Nasikia sauti yako chini kwenye ngazi, unacheka na mtu, na itabidi nimalize. Kesho kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu tutasali, tutapiga picha, utaniona niko sawa, na kweli nitakuwa sawa. Usiniulize kwa simu ninafikiri nini. Nitakujibu kwa sauti yangu na wewe utaisikia ikitaka kitu. Kaa siku chache katika mji ule, kaa mahali ambapo hakuna uso unaoujua, kisha uniandikie kwa mkono wako, upesi, kabla tamko halijafungwa mwisho wa mwezi. Usiniandikie kama utarudi Bukavu. Hilo hata wewe bado haulijui. Unijibu hili moja.

Mwanangu, nyumba hii wewe unaitaka?

Mama yako